Ambushi ya Uji

Juzi watoto wangu walinivizia. Nilikuwa natoka sokoni hapa Arua, mfuko wa dagaa mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, jasho limenijaa mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe kule Mvara, nikakuta sebule iko kimya na mapazia yamefungwa mchana kweupe. Kabla sijauliza ni nani aliyefunga mapazia, wakachomoka nyuma ya makochi, wakubwa kwa wadogo, wakipiga makofi, na keki yenye mishumaa iko mezani. Mwanangu wa mwisho, yule mwenye maneno mengi, akasema, "Mama, leo tumekupiga ambushi."

Nilikaa chini palepale mlangoni, dagaa wamemwagika, nikalia. Wakasema mama amefurahi, wakanipiga picha. Niliwaacha waamini hivyo. Keki nikala, na ilikuwa keki nzuri, sina kinyongo nayo. Lakini wewe tumezoeana, sitakudanganya. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu ya lile neno la Kiingereza, ambalo wao wanalitumia kwa mambo ya keki. Mimi nilifundishwa maana yake nikiwa msichana mdogo huko Midia, na matumizi yake nikajifunza mwenyewe.

Midia ya miaka ile ya sabini ilikuwa mashamba na nyasi, na barabara ya udongo mwekundu iliyotoka Koboko kuelekea mpakani. Nyumba zilikaa mbalimbali. Kutoka kwa bibi yangu hadi kwa jirani wa karibu, ungeweza kutafuna muwa mzima ukaumaliza kabla hujafika. Jirani huyo alikuwa mama wa Kikongo, mjane, aliyevuka mpaka na biashara yake ya chumvi na samaki wakavu, akaupenda udongo wetu, akajenga. Upande wetu wa pili hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shamba la mtama, kisha kijito, kisha nyasi ndefu mpaka macho yanachoka.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, bibi na mimi. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, simkumbuki hata harufu. Baba alikuwa mwanajeshi, dereva wa lori. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa jeshini miaka ile, na hakuna aliyeona ajabu. Kambi yake ilikuwa mbali sana upande wa kusini, mahali ambapo bibi alipaita "chini" tu, kama vile watu wa huko wanaishi ndani ya shimo.

Watoto wengine walikuwa na ndugu wa kugombana nao. Mimi niligombana na ndege. Mtama ulipoanza kuiva, kila siku nikitoka shule nilipanda kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, nikapiga kelele hadi jua lizame, maana ndege wale hawakuwa na haya hata kidogo, unawafukuza huku wanatua kule. Sauti yangu niliipata pale. Ilivuka kijito, ikaingia kwenye nyasi na kwenda zake. Bibi alikuwa akisema kwamba nikiimba kanisani, waumini watatafuta kanisa jingine. Basi nilikaa juu ya miti ile na kuongea na ndege mpaka jioni, na siku ambazo ndege hawakuja, nilikaa kimya. Nilikuwa mpweke, rafiki yangu. Sikujua kama hali ile ina jina, nilidhani ndivyo watoto wote wanavyojisikia jioni.

Jioni yenyewe nilikuwa nikiipenda na kuiogopa. Bibi alisaga mtama kwenye jiwe lake karibu na mlango, akapika uji, akaukamulia ukwaju mpaka ukakufanya ufumbe jicho moja. Siku za neema tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa na ufuta wa kusaga. Harufu ya ufuta ule ukikaangwa sijaipata tena popote, hata ule ninaousaga mimi mwenyewe. Tukimaliza kula hapakuwa na la kusema. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia kunigombeza.

Kitu kimoja tu kilivunja ukimya ule: baba kuja likizo. Na alikuja bila kutuma habari. Hata siku moja hakuwahi kusema nitakuja wiki fulani. Lori lilimshusha Koboko, akatembea kwa miguu. Tena hakufuata njia ya watu. Alipita kwenye zile nyasi ndefu, akavuka kijito, akazunguka nyuma kwenye mihogo, na mimi nilikuwa nikiinua macho namkuta amesimama pembeni ya nyumba, ametulia, anatutazama kama anayehakikisha kwamba ni sisi kweli.

Kwetu hiyo haikuwa adabu. Mgeni au mwenyeji, ukifika kwenye mji wa mtu unasimama mbele, ukingoni mwa uwanja uliofagiliwa, unakohoa, unangoja kuitwa. Ukishaitwa ndiyo unaingia. Mwizi ndiye anayetokea nyuma. Bibi alimsema kila mara. Sisi nyumbani tuliongea Kikakwa, lakini baba alirudi kutoka kambini na Kiswahili cha jeshi, akawa anakitumia hata usingizini, na bibi, ambaye alijifunza chake kwa kununua chumvi kwa jirani, alimjibu kwa lugha hiyohiyo ili asije akadhani ni yeye peke yake aliyetembea duniani.

"Wewe nakuja kwa nyumba ya mama yako kama mwizi," alimwambia. "Kwa nini hapana kohoa mbele, kama mutu?"

"Mama, mimi iko nachoka. Hii njia ya nyuma iko fupi," baba alijibu.

Haikuwa fupi. Hata mimi nilijua.

Alileta sukari kwenye mfuko wa karatasi, mkate, sabuni, na kitambaa mara mojamoja. Lakini mimi, kila alipokuja, alinikuta vibaya. Mara ya kwanza ninayoikumbuka nilikuwa nimejipaka tope mpaka masikioni. Mara nyingine kichwa kimesukwa nusu, nusu kimesimama. Mara nyingine nalia kwa sababu bibi amenifinya. Wasichana wenzangu, baba zao wakirudi safari, walikwenda kuwalaki njiani na maji ya kunywa kwenye kibuyu, wakapiga magoti, wakapokea mzigo, wakatangulia nao nyumbani huku watu wanaona. Hilo ndilo nililolitaka. Nilitaka siku moja, moja tu, baba anikute niko tayari. Usinicheke. Mtoto aliye na baba siku chache kwa mwaka hana nafasi nyingi za kuonekana vizuri.

Sasa niingie kwenye habari ya mwalimu. Shule yetu ilikuwa jengo la tofali za udongo, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana aliyesomea Mvara, mwenye viatu vinavyong'aa ambavyo alivifuta kwa karatasi kabla ya kuingia darasani. Alitufundisha maneno mojamoja, kwa uangalifu. Kwanza maana, alisema, halafu matumizi. Mtu anayejua maana bila matumizi ni hatari.

Wavulana wa darasa letu walikuwa wakicheza vita kila mapumziko. Walikimbizana uwanjani, wakarukiana migongoni, wakipiga kelele "ambushi", neno walilolisikia kwa baba zao na kaka zao. Siku moja mwalimu akachoka nalo. Akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akatuuliza maana yake. Wote wakasema ni kumpiga mtu ghafla.

"Hapana," akasema. "Ukimfuata mtu mahali alipo, ukampiga ghafla, huo ni uvamizi. Una neno lake. Hili hapa ni jambo lingine. Hapa wewe humfuati mtu. Unajua atapita wapi, unakwenda mbele yake, unajificha, unanyamaza, unangoja. Sehemu kubwa ya ambushi ni kungoja. Kupiga ni mwisho tu."

Nilimwelewa kabla ya wengine, kwa sababu ya kumbikumbi. Bibi alikuwa na namna yake ya kuwatoa. Alichimba kishimo kando ya kichuguu, akakifunika juu kwa majani, akachomeka vijiti ardhini na kuvigonga taratibu kwa kijiti kingine, kwa muda mrefu, tak tak tak tak, mpaka kumbikumbi walioko ndani wakadhani ni mvua. Wakatoka wenyewe kuelekea mwanga, wakaangukia kishimoni. Nikanyoosha kidole nikaeleza hayo. Mwalimu alifurahi hata akasahau kunisahihisha Kiingereza changu, akasema msichana huyu ameelewa.

Kichwa kikavimba. Alipotaka kila mmoja atoe sentensi, mimi nikasema: baba yangu hutupiga ambushi kila akirudi kutoka kambini. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alilifikiria.

"Baba yako ndiye anayekuja," akasema, "na wewe ndiye uliyeko nyumbani unangoja. Anayekuja hawezi kupiga ambushi. Anayengoja ndiye anayeweza. Tena lazima huyo anayekuja awe adui."

Mimi nikachukua ile nusu ya kwanza, nusu ya pili nikamwachia mwalimu na ubao wake.

Tangu siku hiyo nilijua la kufanya. Nyayo za baba zilibaki kwenye tope la kijito kila alipopita, buti zenye meno, kwa hiyo mahali pake pa kuvukia nilipajua. Nilichagua kichaka upande wetu wa maji. Kila siku ambayo malori yalifika Koboko kwa ajili ya soko, nilioga, nikavaa gauni la kanisani, nikachana nywele, nikajaza kibuyu maji safi, nikaenda kukaa pale. Ndege wakala mtama, bibi akanigombeza, nikavumilia. Kungoja kule, nakwambia ukweli, kulikuwa ndiyo furaha yangu. Kwa mara ya kwanza upweke wangu ulikuwa na kazi. Nilikaa peke yangu kama kawaida, lakini nilikaa kwa ajili ya mtu.

Nilingoja soko baada ya soko, mvua za kwanza zikaanza, na alasiri moja akaja. Nyasi za upande wa pili zilisogea. Akatoka akiwa na mfuko begani na mkate kwapani, akasimama, akatazama huku na huku, akavuka maji polepole bila kuyarusha. Alipofika karibu nami kabisa, nikaruka kutoka kichakani na kibuyu changu juu, nikapaza sauti yangu yote ile ya shambani, "Baba!"

Baba akaanguka. Sivyo, hakuanguka, alijitupa. Alijitupa kwenye mtaro kifudifudi, mkate uko chini ya kifua chake, mkono mmoja unatafuta kitu kiunoni ambacho hakikuwepo. Alipoinua uso ulikuwa umejaa tope, na macho yake hayakuniangalia mimi. Yaliangalia nyasi za kushoto, yakaangalia nyasi za kulia, muda mrefu. Mimi nimesimama na kibuyu. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile, tena aliniogopa mimi, mwenye gauni la maua.

"Wewe iko na nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Niko peke yangu."

"Nani nakutuma?"

"Hapana mutu, baba. Naleta maji."

Akakaa. Akafuta tope usoni. Sikujua la kufanya, basi nikafanya lile nililokuwa nimelipanga. Nikapiga magoti kwenye tope, nikampa kibuyu. Akanywa, maji yakamwagika kidevuni. Nilimwomba anisamehe, akatikisa kichwa kwamba hakuna cha kusamehe. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

"Kule chini, mutoto alisimama kando ya barabara," akasema. "Iko na maji kwa mukono, kama wewe. Anaita askari kuja kunywa. Lori ya rafiki yangu nasimama. Watu walikuwa kwa majani, walinyamaza tu. Mimi nalikuwa kwa lori ya nyuma."

Alitoa mkate uliobondeka, akaugawa, tukala palepale tope likiwa ndani yake. Nikaelewa kwa nini hapiti njia ya watu, na kwa nini husimama kwanza pembeni anatutazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuogopa hata mlango wa mama yake.

Basi tukapatana. Yeye akifika atakaa upande wa pili wa kijito, ndani ya nyasi, mahali anapoona paa letu. Mimi kila siku, jua likikaribia vilima vya Kongo, nitasimama ukingoni mwa uwanja na kuita. Nitaita kila siku, awepo asiwepo, maana hakuna anayejua siku. Maneno aliyachagua yeye, yawe ya nyumbani, ya kawaida, ambayo mtu mwingine hawezi kuyawazia: "Uji iko tayari, kuja kunywa." Akisikia hivyo atajua kwamba nyumba ni salama, atakohoa, ataingia kwa mbele.

"Sauti yako mimi najua," akasema. "Hata niko mbali, mimi najua."

Niliita. Siku za mvua na siku za vumbi, nikiwa mzima na nikiwa na homa, nilisimama pale na kuita nyasi zije kunywa uji. Bibi mwanzoni alidhani nimeingiwa na pepo, baadaye akazoea, akawa anasaga mtama kwa kufuata saa yangu. Wavulana wa shule waliopita barabarani walinidhihaki, wakaniita mke wa nyasi. Jirani yetu wa Kikongo ndiye aliyenifurahisha. Siku nyingine alitokea na kikombe chake mkononi, uso mkavu, akasema, "Mimi nalisikia mutu anaita. Uji iko wapi?" Bibi alimpa, wakakaa wakateta watu mpaka kikombe kikaisha.

Na baba aliitika. Mara chache, lakini aliitika. Niliita, kukawa kimya, nikageuka kwenda zangu, na nyuma yangu kijitoni nikasikia mtu anakohoa. Akapanda kwa njia ya watu, mbele, kichwa juu, mimi niko magotini na kibuyu, gauni safi, nywele zimesukwa zote. Nikapokea mfuko, nikatangulia. Jirani aliona, bibi aliona. Kama umewahi kupata kitu ulichokitaka sana utotoni, utajua kwamba hakuna furaha ya ukubwani inayofikia pale.

Halafu nafasi kati ya kuja na kuja zikawa ndefu. Maharage yalipandwa yakavunwa, yakapandwa tena. Niliita, sikusikia kikohozi. Kumwita kila siku mtu ambaye hayupo kunachosha mahali fulani ambapo usingizi haupafikii. Lakini niliogopa kuacha. Nilisema moyoni, nikiacha leo, leo ndiyo siku yake.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikaja. Serikali ya kule chini ilianguka, redio ikasema hiki, kesho ikasema kingine, na barabara yetu ikajaa malori yenye askari, magodoro, mbuzi na wanawake. Walikuwa wanakimbilia Kongo na Sudan. Baadaye malori yakaisha mafuta, wakaanza kupita kwa miguu, kwenye nyasi, bila kofia. Watu wa Midia nao wakafunga mizigo, kwa kuwa ilisemekana wanaokuja nyuma yao watatulipiza sisi, tuliokuwa na wana wengi jeshini. Bibi akafunga sufuria, chumvi na mbegu ndani ya shuka.

Mimi nikakataa. Sijawahi kumkaidi bibi kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilishika nguzo ya nyumba. Nikamwambia baba yuko njiani, kila mtu yuko njiani na yeye yuko njiani, akifika akakuta kimya hataingia, na hakuna mtu atakayemwambia tumekwenda wapi.

"Yeye iko mutu mukubwa," bibi akasema. "Akikosa moshi atajua tumekwenda."

"Atajua kuna ambushi," nikamjibu, na bibi hakulijua neno hilo.

Jirani ndiye aliyenitoa kwenye ile nguzo. Yeye hakuwa anakwenda. Alisema alitoka Kongo kwa miguu yake na hatarudi kwa miguu ya wengine, na kwamba mwanamke mzee muuza samaki hana anayemtafuta. Akanibandua vidole taratibu. "Enda na bibi," akasema. "Mimi iko hapa. Nitamwita baba yako kila siku, akikuya nitamuambia."

Nilimpeleka ukingoni mwa uwanja. Nikamwonyesha mahali pa kusimama, nikamwonyesha jua linapaswa kufika wapi, nikamfundisha yale maneno mpaka akayasema bila kukosea, ingawa alikuwa ameyasikia kila siku kwa miaka. Roho yangu ikatulia. Nilivuka mpaka nikiamini kwamba nimeacha nyumba ikiwa na mtu.

Habari za Kongo sitakueleza leo. Tulilima mashamba ya watu, tulikula walichotupa, na bibi alifariki kule, tukamzika kwenye kilima ambacho sasa siwezi kukuonyesha. Nilirudi Midia nikiwa mwanamke, nina mtoto mgongoni. Nyumba ilikuwa imelala chini, imebaki rundo la udongo lililoota nyasi, na jiwe la kusagia liko mahali pake kwa kuwa hakuna aliyeweza kulibeba. Uwanja haukuonekana ulipoanzia. Njiani nilikuwa nimeuliza kila askari wa zamani niliyekutana naye, na hakuna hata mmoja aliyenipa neno lolote juu ya baba.

Jirani alikuwa hai. Macho yalikuwa yamefifia, lakini alinijua nilipoongea. Alinikalisha, akampakata mtoto wangu, akakoroga uji. Kisha akaanza kusema kabla sijauliza.

"Alikuya," akasema. "Baba yako alikuya, hamujamaliza hata mwezi."

Alikuwa akiita kila siku, kama alivyoniahidi. Alasiri moja akaona nyasi za ng'ambo zinasogea, kisha akamwona yeye mwenyewe, amekonda, kichwa wazi, mfuko begani, anatazama paa letu lisilo na moshi. Alimtambua palepale. Akafurahi, akakimbia mpaka ukingoni mwa uwanja, akasimama pale pale nilipomwonyesha, akaita: uji iko tayari, kuja kunywa.

"Akajilaza chini," jirani akasema. "Mimi nikadhani hakusikia. Nikaita tena, nguvu sana, nikamupungia mukono. Akatazama majani ya huku, akatazama majani ya huku. Akarudi kinyumenyume. Akakimbia. Mimi nikaita mpaka sauti ikakauka." Aliacha kukoroga. "Naliita vizuri, sivyo? Vile ulinifundisha. Miaka yote mimi najiuliza. Kwa nini alikimbia?"

Nililijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nyumba kimya, hakuna moshi, na maneno yale yale yanatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, mwanamke anayepunga mkono, anamwita askari aje kunywa. Laiti pangekuwa kimya kabisa, huenda angezunguka nyuma kwenye mihogo kama zamani, akamwona jirani kwa karibu, akaambiwa tulikokwenda. Angetufuata. Kongo haikuwa mbali kwa mtu mwenye miguu ile. Niliona hayo yote kwa mara moja na yalinizidi.

Jirani alikuwa ananingoja.

"Uliita vizuri, mama," nikamwambia. "Hakusikia. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, maji ya kijito yalikuwa na kelele."

Akafikiri, kisha akapumua. "Ni kweli," akasema. "Maji yalikuwa na kelele sana." Akanipakulia uji, akautia ukwaju, tukanywa.

Alifariki akiamini hivyo, na mimi sikuwahi kumwambia mtu mwingine mpaka leo ninapokuambia wewe. Siku hizi nikienda Midia sikuti mtama, watu wanapanda tumbaku na miti ya mbao. Nyasi ndefu zimekatwa, upande wa pili kuna nyumba za mabati. Kijito chenyewe kimekauka, unavuka bila kuvua viatu, na ukisimama pale alasiri unaweza kusikia watu wa ng'ambo wakiongea wao kwa wao, kila neno, bila wao kuinua sauti.